Mtoni, Maruhubi na Kidichi kwa nauli ya daladala

Swali: "Assalamu alaykum mwalimu. Mimi na mama tunakuja Unguja kwenye harusi ya binamu yangu, na tutapata siku moja ya mapumziko kabla ya kurudi Tanga. Mama tangu utotoni anasimuliwa habari za Bibi Salme, yule binti wa Sultani, anatamani kuliona jumba alilozaliwa. Teksi ya kutwa hatuiwezi. Je, daladala zinafika? Na ni kweli kwamba hakuna cha kuona ila magofu? Mama ana miaka 63 na goti linamsumbua, sitaki nimchoshe kwa ajili ya ukuta uliobomoka."

Jibu:

Waalaykum salaam, dada yangu. Mfikishie mama shikamoo yangu, na harusi iwe ya heri.

Daladala zinafika, tena vizuri. Barabara ya Bububu inafuata ile ile pwani ambayo masultani walijenga majumba yao ya shamba, jumba baada ya jumba, na gari za namba 502 zinapita hapo kutwa nzima kati ya mjini na Bububu. Maruhubi ni kama kilomita 4 kutoka Mji Mkongwe, Mtoni kama 5, Bububu yenyewe kama 10. Nauli ni ya mamia ya shilingi kwa kila mmoja wenu, kila mnapopanda. Kwa hiyo upande wa usafiri usiwe na wasiwasi.

Swali lako la pili ndilo zito, na sitakuficha: ndiyo, ni magofu. Ukimpeleka mama Mtoni, kwenye jumba alilozaliwa Bibi Salme, bila kumwambia kitu atasimama mbele ya kuta zisizo na paa, atazunguka dakika kumi, na atakuuliza kwa adabu kama gari za kurudi zinapita wapi. Nimeona wageni wengi wakiondoka hivyo, na roho huniuma kwa sababu jumba halikuwanyima kitu. Hawakuambiwa tu waangalie nini.

Basi mimi nakwambia: tafuteni bafu. Katika majumba haya ya nje ya mji, vyumba vya kulala vimekwenda, baraza zimekwenda, milango imekwenda, lakini mahali watu walipoogea bado pako. Kidichi hakikusalia kitu ila bafu. Maruhubi kuna nguzo na bafu. Mtoni, kuta zinazokupa picha iliyo wazi zaidi ya maisha ya ndani ni za upande wa kuogea. Hilo si bahati. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lakini dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na sehemu za juu za fahari, zile baraza na roshani za kupunga upepo, zilikuwa za mbao. Mbao huungua, huliwa na mchwa, huibwa. Boriti ikioza, dari inashuka, mvua inaingia ndani ya ukuta na chokaa inaanza kuyeyuka kutoka juu kwenda chini. Bafu lilikuwa na desturi nyingine. Mvuke na maji haviwezani na boriti, kwa hiyo fundi alifunika chumba kwa kuba la mawe na chokaa, bila mti hata mmoja, na sakafu na birika akazisakafia kwa lipu nene isiyopitisha maji. Moto ukija hauna cha kula. Mvua ikinyesha inateleza juu ya kuba. Ndiyo maana leo, karibu miaka 200 baadaye, tunaingia bafuni kwa Sultani lakini hatuwezi kuingia sebuleni kwake.

Sasa safari yenyewe. Watu wengi huanza na jumba lililo karibu na kuendelea mbali. Nyinyi fanyeni kinyume: anzeni mbali asubuhi jua likiwa pole, kisha mrudi mkiusogelea mji, ili mama akichoka saa yoyote, mko kwenye barabara ya gari za kurudi. Ondokeni kama saa mbili asubuhi. Wakati huo umati wa watu unaingia mjini kazini na shuleni, na gari zinazotoka kwenda Bububu zina nafasi. Mwambie utingo (huku ndilo jina tunalomwita yule ambaye nyinyi mnamwita konda) kwamba una mtu mzima mwenye goti, akupe kiti cha mbele karibu na dereva. Atakupa. Usikubali mama akae kiti cha nyuma kabisa, maana kila abiria akishuka watu wa nyuma huinamishwa na kukunjwa, na hizo gari za mbao zilizobaki zina paa la chini linalomtaka mtu aingie ameinama. Kama gari iliyo mbele yenu imejaa, iacheni. Nyingine haiko mbali.

Njiani, baada ya Mtoni, mtapita Kibweni. Pale pana jumba jingine la kifalme, lililojengwa wakati wa Sayyid Khalifa bin Haroub mwaka 1915, ambalo ni la serikali na haliingiliki, na jirani yake kuna kambi ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo. Simu ibaki mfukoni hapo, msipige picha.

Bububu mtashuka mwisho wa gari. Utasikia watu wakisema jina hilo lilitokana na mlio wa garimoshi, kwa kuwa palikuwa na reli kutoka mjini hadi hapo, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza kazi mwaka 1905, ikafanya kazi mpaka miaka ya 1920. Reli ilikuwepo kweli, na napenda kumwambia kila anayesafiri na 502 kwamba watu wa kawaida wamekuwa wakilipa nauli kwenye njia hii kwa zaidi ya miaka 100. Lakini jina ni kongwe kuliko reli. Bibi Salme mwenyewe aliishi Bububu kwa muda, katika nyumba ya pwani, miaka ya 1860, na katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 anapaita kwa jina hilo hilo. Kuna wanaosema ni mlio wa chemchemi, na hao nawaelekea zaidi, kwa kuwa chemchemi iko. Ni hapo ndipo Sultani Barghash alipovuta maji ya bomba mpaka mjini, na watu wa Mji Mkongwe wakaacha kutegemea visima vya chumvi. Maji, tena maji.

Kidichi iko kama kilomita 3 kutoka hapo, juu kwenye vilima, ndani ya mashamba. Vijana wa kawaida hupanda bodaboda. Kwa goti la mama usijaribu, chukueni bajaji, na patana bei kabla hamjapanda: kwenda, kusubiri na kurudi, yote kwa mkupuo mmoja. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya siku nzima, na ndiyo pekee ambayo ningekuomba usiibanie. Mlimani mtakutana na papasi watakaotaka kuwatembeza kwenye mashamba ya viungo. Ni biashara yao, wajibu kwa salamu na uwaambie mmekuja kuona hamamu, yaani lile bafu. Mama wa Tanga hahitaji kulipia kuonyeshwa iliki.

Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850. Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muskati na kuufanya mji huu kitovu cha biashara ya karafuu na pembe za ndovu, alikuwa na mke kutoka ukoo wa kifalme wa Uajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali, aliyejulikana kwa jina la Shahrazad. Walipotoka kukagua mashamba au kuwinda walipumzika hapa juu. Kwa nje utaona jengo jeupe lenye kuba kadhaa, la kawaida kabisa. Ingieni ndani na mngoje dakika mbili macho yazoee kiza. Halafu mtazame juu ya ukuta: nakshi za chokaa, maua, mitende, na ndege. Ndege, dada! Sayyid Said alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ibadhi, na majumba ya Waomani wa hapa hayana desturi ya kuchora viumbe vyenye roho. Urembo wao ni milango na maandishi. Picha za tausi kwenye ukuta wa shamba la karafuu ni sauti ya mwanamke wa Kiajemi aliyetaka kipande cha kwao. Mimi nimeingia humo mara nyingi na bado nasimama mbele ya ndege wale muda mrefu kuliko ninavyosimama mbele ya kitu kingine chochote kisiwani. Mwonyeshe mama pia matundu ya mwanga kwenye kuba, birika, na vibaraza vya mawe ambapo mtu alilala akandwe. Jengo zima ni dogo, haliwezi kumchosha.

Kiingilio kipo, si kikubwa. Hapa na Maruhubi vilevile, beba kitambulisho chako cha taifa na cha mama ili mtozwe kama wenyeji na si kama wageni wa nje, na dai risiti.

Rudini Bububu, nyweni dafu, kisha pandeni 502 ya kuelekea mjini na mwambie utingo akushushe Mtoni. Sema "jumba la Mtoni" au "kwa Bibi Salme", mojawapo atalielewa, na ukiona shaka usoni mwake uliza abiria. Ndani ya daladala ya Unguja haikosi mama mmoja anayejua kila kitu na atakayewagongea kwa sauti mkifika. Kutoka barabarani mnateremka kuelekea baharini.

Hili ndilo jumba lenu. Ni kongwe kuliko majumba yote ya kifalme ya Unguja, limejengwa mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa miaka ya 1830, kwenye ardhi ambayo historia ya karafuu inaitaja mapema sana: miche ya mwanzo kisiwani ilipandwa hapa Mtoni na Kizimbani, na anayetajwa kuileta ni Saleh bin Haramil al-Abri, tajiri ambaye baadaye Sayyid Said alimnyang'anya mali. Jina limetokana na kijito kilichopita ndani ya eneo la jumba na kuingia baharini.

Salme alizaliwa hapa tarehe 30 Agosti 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Kwa maelezo ya Salme, watu waliokaa ndani ya jumba na viunga vyake walikaribia 1,000: masuria, watoto wa kifalme, watumwa, matowashi, wapishi, wageni. Mwambie mama asimame katikati ya ua mkubwa ulio wazi na ajaribu kuujaza. Hapa walitembea tausi, paa, mbuni, flamingo na kanga, wakirandaranda bila kufungwa, na watoto walikimbizana nao wakitafuta mayai ya mbuni. Upande wa bahari kulikuwa na kibaraza kikubwa cha mviringo, cha mbao tupu kuanzia sakafu hadi paa, ambapo Sultani alikunywa kahawa yake na jamaa zake wakubwa na akawa anatembea huku na huku ameinamisha kichwa, akiwaza. Palikuwa na darubini ya kutazama majahazi. Kibaraza hicho hamtakiona. Kilikuwa cha mbao.

Bafu mtaliona. Salme anaeleza safu ya vyumba vya kuogea mwisho wa ua, visivyopungua 12, na anasema watu walishinda humo saa nyingi, wengine wakisali, wengine wakisinzia, wengine hata wakila, kwa vile mtu aliyezoea udhu mara tano kwa siku bafuni ni kama baraza lake la pili. Ukiwa umetoka Kidichi asubuhi hiyo hiyo, kuta za upande huo zitakusemesha. Utajua maji yaliingilia wapi, utajua kwa nini kona hii ina lipu nzito kuliko ile. Na mama, ambaye nina hakika anajua nyumba yenye kisima na nyumba isiyo na kisima tofauti yake ni nini, ataliona upesi kuliko wewe.

Msipande juu ya kuta wala msiegemee. Chokaa kongwe inaonekana ngumu kwa nje lakini ndani imekuwa unga. Vaeni viatu vilivyofungwa, maana kuna mawe legevu na majani, na hilo goti litakushukuru.

Kuna jambo moja la kumwambia mama mkiwa hapo, na ningependa alisikie akiwa amekaa kivulini. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakaoana na akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Mumewe alifariki mapema. Mwaka 1885 alirudi kwa mara ya kwanza, ndani ya meli ya Kijerumani, akitaka kupatana na ndugu zake na kupata urithi wake. Alikuja hapa Mtoni kulitazama jumba alilozaliwa. Alilikuta limekuwa gofu. Kwa hiyo mama akihuzunika kwamba hakuna paa, mwambie Bibi Salme mwenyewe aliliona hivi hivi, akiwa na miaka arobaini hivi. Uharibifu mwingine ulifuata baadaye, jumba lilipotumiwa kama ghala la kijeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini gofu analokwenda kuliona mama si historia iliyokufa baada ya Salme. Nalo limo ndani ya kisa chake.

Na aliyekuwa Sultani mwaka huo wa 1885, aliyekataa kumpokea, alikuwa kaka yake Barghash. Huyo huyo ambaye Salme, akiwa binti wa miaka 15, alimsaidia kwa kuandika barua za siri alipojaribu kumpindua ndugu yao Majid mwaka 1859. Hilo linatupeleka Maruhubi.

Kutoka Mtoni hadi Maruhubi vijana hutembea, kama nusu saa. Nyinyi simamisheni gari yoyote inayokwenda mjini, ni kituo kifupi tu. Barghash alijenga jumba hili kati ya 1880 na 1882 kwa ajili ya masuria wake. Wenyeji watawaambia walikuwa 99 na mke mmoja. Ni simulizi inayopendwa, ipokeeni kama simulizi. Lililo wazi ni kwamba aliwahi kuzuru Uingereza mwaka 1875, na inasemekana ukuta uliozunguka bustani aliuiga kwenye mashamba ya matajiri aliyoyaona huko. Miembe mikubwa ingalipo, na chini yake ndipo mama atakapopumzika.

Ghorofa ya juu ilikuwa ya mbao, imezungushiwa roshani pana. Mwaka 1899 iliungua. Zile nguzo nene za mawe mtakazoziona zimepangana zikibeba hewa ndizo zilizobeba roshani hiyo. Marumaru za bafuni ziliibwa baada ya moto. Lakini bafu lenyewe, na hodhi ambalo sasa limeota mayungiyungi, na mifereji iliyoleta maji, vyote vimenusurika, kwa sababu ile ile niliyokueleza mwanzo. Ingieni bafuni Maruhubi na mlinganishe na Kidichi. Kuta ni tupu, hakuna ndege hata mmoja. Mjukuu wa Shah alipambia moyo wake. Huku Maruhubi kilichotafutwa zaidi ni ukubwa na wingi wa maji. Huo ni mtazamo wangu, na mama ana ruhusa ya kunikatalia.

Fikeni hapo kama saa kumi alasiri. Jua linakuwa upande wa bahari, linapita katikati ya nguzo, na picha za siku nzima mtazipata ndani ya dakika kumi na tano. Ufukweni mara nyingi kuna mafundi wanaotengeneza majahazi kwa mkono, misumari mirefu na pamba ya kuzibia. Ukitaka kuwapiga picha waombe kwanza.

Kama mnakuja wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, fanyeni safari fupi zaidi: iacheni Kidichi, kwa sababu njia huteleza, na badala yake mkaone Hamamni hapo hapo Mji Mkongwe, mabafu ya umma aliyoyajenga Barghash, ambayo kutoka Darajani mnafika kwa miguu. Ijumaa nako kuna lake: kuanzia saa sita hivi kila kitu husimama kwa ajili ya sala, na gari hupungua, kwa hiyo siku hiyo pangeni mwe mmekwisha toka Kidichi kabla ya adhana. Na usipange kuanzia Beit el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Sehemu ya jengo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Litazameni kwa nje mkiwa Forodhani usiku, mkila urojo.

Ikiwa asubuhi hiyo mama ataamka goti limevimba na lazima uchague mahali pamoja tu, mpeleke Mtoni. Kwa mbele, kwenye kiti cha karibu na dereva. Na umwekee kanga moja ya kukalia kwenye mkoba wako, maana ndani ya ule ua hakuna benchi, na nina uhakika atataka kukaa.